Brno ya zamani ya pointi 22 kwa mbweha shambani: raifo haina neno, kazi ipo kwenye mawe yetu

Wadau wa ufugaji Kanda ya Ziwa, habari za majukumu. Naona hili swali la bunduki ya mbweha linarudi kila mbuzi wakianza kuzaa, huyu anataka kununua raifo ndogo ya mzee fulani, yule kaambiwa pointi ishirini na mbili (yaani risasi ya kipenyo cha inchi 0.22) ni ya kupigia kanga tu haiui kitu, mwingine kaangalia video za wakulima wa Uingereza wamelala juu ya pikap na darubini za usiku anadhani na huku Magu mambo yatakuwa hivyo hivyo. Mi ninayo, ya zamani, naitumia shambani upande huu wa Ghuba ya Speke, ngoja niseme ninachokijua na kila mtu ataamua na hela yake.

Yenyewe ni Brno Model 2, ya bolti (kila risasi unaiingiza kwa kuvuta na kusukuma mkono wa chuma), imetengenezwa Czechoslovakia enzi hizo nchi bado moja kabla hawajagawana 1993, jina limechorwa kwenye chuma na bado linasomeka vizuri tu. Wanaozijua raifo za CZ 452 hii ndo ukoo wake, ile ya baadaye imetokea humu humu. Nimeitoa kwa mzee mmoja wa Sengerema ambaye macho yalishaanza kumsumbua na watoto wake wote wako mjini hakuna anayetaka habari za bunduki. Siku naenda kuiona nikamwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, unataka ukapigie nini? Nikamwambia mbweha baba, wananimalizia vitoto vya mbuzi. Akacheka kwanza. "Basi usimfuate. Wewe kaa, akufuate yeye. Akiwa mbali mwache apite, hii haipendi mbali." Hiyo sentensi ya mwisho nikwambie ndo riviu nzima ya hii bunduki, mengine yote humu chini ni maelezo.

Umbo lake zuri jamani, hapo sina ubishi. Kitako ni mbao ya kahawia iliyokoza, pale mkono unaposhika pamelainika na kung'aa kwa jasho la mwenye nayo, na upande wa kulia kuna mkwaruzo mrefu mzee anasema ni wa baiskeli, alikuwa anaifunga kwenye keria. Uzito kama kilo tatu, unatembea nayo toka zizini mpaka mwisho wa shamba bila kulalamika. Bolti ukiivuta inarudi laini haigomi, magazini inachukua risasi 5 (zipo na za 10 ila ya kwangu ilikuja na fupi), na pale juu ya chuma kuna vifereji viwili vya kufungia darubini kama unataka. Sefti iko nyuma kabisa kwenye bolti na inakwenda kinyume na raifo nyingi, kwa hiyo kama umezoea nyingine kaa nayo kwanza ikiwa haina risasi mpaka kidole kizoee, usijifunzie usiku mbuzi wanapiga kelele.

Shabaha iko poa kuliko umri wake. Mita 50, nimeegemeza kwenye gunia la mchanga, hewa imetulia, risasi zinajipanga sehemu moja ambayo kifuniko cha soda kinazifunika zote. Sasa watu wakiona hivyo wanapata kiburi wanaanza kupiga mita mia. Hapo ndo wanakosea hesabu, maana hii risasi kichwa chake ni gramu mbili na nusu na kidogo, inatoka mtutuni kama mita 330 mpaka 380 kwa sekunde kutegemea umenunua aina gani, basi. Ukiwa umeiseti mita 50, ikifika mita 100 imeshashuka kama sentimita 15 hivi, na upepo wa ziwa ule wa mchana unaisukuma pembeni unavyotaka wenyewe. Mbweha ana kilo kumi hivi, mwembamba, manyoya ndo yanamfanya aonekane mnene. Ukikosea sentimita 15 umempiga tumbo au mguu, anakimbia anaenda kufa kwenye mapango ya mawe baada ya siku mbili, na hilo mi silitaki hata kama kanilia mbuzi. Mwisho wangu ni mita 50, hamsini na kitu akiwa amesimama wima pembeni kabisa. Hata hao Waingereza wanaowapiga mbweha kila wiki wengi wao wanaona pointi 22 ya kawaida ni ndogo, wanatumia risasi zenye nguvu zaidi, Hornet au 223, zile zinakwenda mara mbili ya hii na zaidi.

Kwa hiyo nguvu yake ni ndogo, tumeshakubaliana, na mtu anasema basi kama ni ndogo si ndo salama zaidi. Hapana aisee! Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili wauzaji hawalisemi. Boksi la risasi hizi huwa limeandikwa onyo kwamba zinaweza kwenda mpaka maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. Na kichwa chake kimetengenezwa kwa yale madini laini yanayoitwa risasi, ni butu, kinakwenda taratibu, kwa hiyo kikigonga kitu kigumu kwa pembeni hakipasuki, kinadunda. Zile kubwa za mbio kali kichwa kikigusa udongo mara nyingi kinasambaratika, hii ndogo inaruka inatafuta pa kwenda na unaisikia inavyolia ikiondoka, viiiuu.

Sasa angalia tunaishi wapi. Mwanza ni mawe. Kuanzia mwamba wa Bismarck pale mjini mpaka Kisesa, Nyanguge, mpaka huku kwetu, mawe yamesimama, yamelala, yamepandana, na mbweha anakaa humo humo kwenye mawe. Kila mahali unapoweza kumwona vizuri nyuma yake kuna jiwe. Na pale ambapo hakuna jiwe nyuma yake kuna ziwa, maji nayo yanadundisha risasi vile vile, tena usiku wa giza lisilo na mwezi, ambao ndo mbweha anapenda, ndo usiku huo huo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Nikikaa zizini kwangu naziona taa zimejipanga pale mbele, nzuri kweli kuangalia, na kila taa ina watu chini yake. Mi huko sipigi. Hata mbweha aje akae anipungie mkono, sipigi.

Nilichofanya ni kwamba nimetengeneza kichanja juu ya miti, kimo cha mtu na nusu na zaidi, kinaangalia chini kwenye kipande changu cha pamba, udongo umelimwa, hauna jiwe wala maji. Risasi inaingia ardhini kwa mteremko inakaa huko. Upande mmoja tu huo ndo ruhusa, pande nyingine zote nimejikataza, na vijana wangu wa shamba wanajua nikiwa juu hakuna mtu kupita pamba. Bei ya kile kichanja ni miti na misumari na kibarua wa siku moja, ila ndo kilichofanya hii raifo iwe na maana. Bila hicho ningeirudisha. Mwenye shamba la majaruba ya mpunga huku mwambaoni nakwambia mapema usinunue, maji yametandaa kila upande utapiga wapi?

Kitu kingine, mlio. Siyo mkubwa, mchana mtu wa mbali anadhani ubao umepasuka. Lakini usiku kijiji kimetulia mlio ni mlio, na huku kwetu sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, bado wapo kazini tangu walivyoanza miaka ya themanini, wakisikia bunduki hawaulizi ni pointi ngapi. Mimi kamanda wao ana namba yangu na mimi nina yake, nikipanda kichanjani namtumia meseji kabla, nikishuka namtumia nyingine, mwenyekiti wa kijiji naye anajua. Usipofanya hivyo utakuja kuzungukwa na watu wana marungu na mapanga na utakuwa na bunduki mkononi, eleza hapo wewe ni nani.

Karatasi sasa, nitapita haraka ila msiruke. Silaha haiuzwi kama redio. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, unaanza na serikali yako ya kijiji au mtaa, unapanda mpaka polisi wilaya na mkoa, unachunguzwa, na huyo mwenye nayo naye aandike kwamba anakuachia. Ukiwa na haraka kafuge samaki. Wale wa "ni ya marehemu babu imekaa darini" hiyo siyo yako bado, ipelekwe polisi kwanza halafu uombe kwa jina lako, kukaa nayo tu ndani kisa ni ya ukoo ni kosa na watu wanafungwa. Kabati la chuma lenye kufuli la maana uwe nalo kabla, risasi zifungiwe mbali na bunduki, watoto wa siku hizi wanafungua hadi simu ya mtu.

Halafu kuna sheria ya mnyama mwenyewe. Hapa ndo tunatofautiana kabisa na hao wa kwenye video. Kule mkulima anapiga mbweha shambani kwake na maisha yanaendelea, kilichokatazwa England na Wales ni kuwawinda kwa kundi la mbwa, sheria yao ya 2004. Sisi mbweha ni mali ya serikali kama twiga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakuruhusu kujitetea na kutetea mali yako, mnyama yuko kwenye mifugo yako anaua, lakini unatoa taarifa na mzoga siyo wako, ngozi usiguse, mkia usimpe mtu wa dawa. Kwenda kumtafuta mawindoni kwenye mawe yake huko ni uwindaji, na uwindaji una leseni yake nyingine kabisa. Mimi nilienda kwanza kwa afisa wanyamapori, nikaonyesha picha za mbuzi walioliwa, tukaelewana inakuwaje, ndo nikapanda kichanjani. Ushauri wangu anza hapo hata kabla hujaulizia bei ya bunduki.

Na ujue unayempiga ni nani jamani. Huku tunaita mbweha vitu vingi. Kuna yule wa mgongo mweusi, huyo ndo mwizi hasa wa vitoto vya mbuzi, mgongoni kama kavaa shuka jeusi lenye mvi mvi. Kuna wa miraba, mweupe kwenye ncha ya mkia, huyu mpole zaidi anakula sana matunda na panya. Na kuna yule mdogo wa masikio makubwa kupita kichwa, huyo chakula chake ni mchwa na wadudu, hana habari na mbuzi wako, ukimpiga umejiharibia mwenyewe maana anakusaidia. Kuku nao mara nyingi hesabu anabambikiwa mbweha wakati mwizi ni kicheche au nguchiro au paka pori, angalia nyayo na angalia tundu aliloingilia, mbweha hapiti kwenye tundu la ngumi. Kwenye tochi yote ni macho mawili tu yanayowaka. Mbwa wa jirani naye macho yake yanawaka vile vile, na mbwa wa jirani ana mwenyewe.

Sehemu ambayo raifo imenilipa kweli siyo hata usiku. Ni mchana, mbweha anakuja katikati ya boma jua limewaka, haogopi watu, anayumba, mate yanamtoka. Mbweha wa kawaida hafanyi hivyo. Huyo ni kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vingine, na hapo sitaki mtu wa fimbo amsogelee, nataka apigwe kutoka mbali kidogo na afe pale pale. Ila kifuani, siyo kichwani, kwa sababu kinachopimwa maabara ni ubongo na ukiupasua umeharibu kipimo. Mwite afisa mifugo aje achukue, maabara ya mifugo ya TVLA ipo hapa hapa Mwanza, na usimshike kwa mikono mitupu. Mtu aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo, asisubiri majibu, ugonjwa ukishaanza kujionyesha hautibiki. Na mbwa wenu wachanjeni, huku kwetu kichaa kinatembea na mbwa wa nyumbani kuliko hao mbweha.

Matunzo. Unyevu wa ziwa unakula chuma usiku kucha, ukiiacha wiki bila mafuta unakuta wekundu umeanza kwenye bolti. Mimi natumia mafuta ya cherehani, kidogo tu, usimwage yakaingia kwenye mbao, na kitambaa laini. Pamba ya kusafishia mtutu sisi Wasukuma hatununui, tunalima! Fimbo ya kusafishia mzee alinipa ya shaba, hiyo nzuri haikwaruzi ndani, za chuma kaa nazo mbali. Pini ya kupigia kwenye hizi za pointi 22 inagonga ukingo wa kitako cha risasi, kwa hiyo usifyatue fyatue tupu kwa kujifurahisha, inaweza kugonga chuma na kuharibu mdomo wa mtutu pale nyuma. Spea za kopo la magazini ndo mtihani, ya kwangu ikipotea sijui nitalia na nani, ndo maana nimeifunga kamba.

Risasi zinauzwa boksi la 50, na hapa mjini kuna siku zipo na kuna siku hazipo. Duka moja, silitaji, niliuziwa boksi limekaa sana mpaka karatasi limebadilika rangi, nyingine zinagoma kuwaka, unafyatua kimya, unasubiri huku umeelekeza chini salama nusu dakika ndo unaitoa. Siku mbweha yuko mita 40 na risasi inakwambia kloki, utajua. Angalia boksi kabla hujatoa hela, na ukipata aina inayokubaliana na mtutu wako nunua hiyo hiyo, ukibadilisha aina na shabaha inahama.

Sasa swali lenyewe, je imepunguza mbweha? Kiukweli mbweha wanaoua mbuzi wangu wamepungua sana lakini siwezi kusema ni bunduki. Mbweha anaishi mke na mume kwenye eneo lao, ukimpiga mmoja eneo likabaki wazi vijana wengine wanahamia, mwaka ujao unaanza upya na wageni wasiojua hata kengele za mbuzi wako. Kilichobadilisha hesabu ni zizi. Nilizidisha miiba chini kwenye uzio wa minyaa mpaka hakuna pa kupenyeza pua, vitoto vya wiki za mwanzo vinalala ndani ya banda lenye mlango siyo nje na mama zao, kondo la nyuma na mizoga nafukia siku hiyo hiyo maana hiyo harufu ndo inawaita, na mbwa wawili wanalala na mbuzi tangu wakiwa wadogo. Gharama ya hayo yote haifiki bei ya bunduki, leseni na kabati. Raifo ni ya yule mmoja sugu aliyezoea, anayeruka uzio kila siku, na ya yule mgonjwa wa mchana. Kwa hao wawili inafaa, na kwa sababu ni ndogo hakuna teke begani, hata mke wangu mwenye mwili mdogo angeweza kuitumia kama leseni ingekuwa na jina lake (anasema hataki kabisa kuisikia, ameshafunga mjadala).

Kama bunduki naipa nyota nne kamili, imetengenezwa na watu waliokuwa wanajua chuma. Kama dawa ya mbweha kwa shamba la mwambao wenye mawe, nyota mbili, na mbili hizo ni kwa aliye na kichanja na udongo mtupu mbele yake. Ambaye yuko bara huko Kwimba au Misungwi kwenye mbuga tambarare za udongo mweusi, ongeza nusu. Anayefuga kisiwani, hapana, weka hela kwenye banda.

Na ile darubini niliyoifunga mwanzoni nimeivua, kwa mita 50 vilengeo vyake vya kawaida vya chuma vinatosha na kioo cha darubini kilikuwa kinaingia ukungu alfajiri. Ipo, haina mkwaruzo, ni ya vifereji vya milimita 11, mwenye leseni na raifo inayoendana nayo aje inbox tuongee bei.